Kabati Lenye Mpira Ndani

Jumamosi, 2 Agosti 1975

Leo nimetumia akili mpaka nimechoka. Si kazi ya kila siku.

Mjomba Marijani kauza mbata zake, na kesho anavuka kwenda Unguja kwenye harusi. Kichwani ana neno moja tu: televisheni. Huku kwetu kitu hicho hakipo, lakini Unguja wanacho mwaka wa pili huu, na wavuvi wa dago, wale waliopiga kambi ufukweni kule Ndagoni, wanaapa kwamba jioni hewa ikitulia picha zinafika mpaka Mafia. Mjomba anataka kutazama mpira ameegemea mto. Na sinema za Kihindi pia, ili alie nyumbani kwake bila kuonwa na watu.

Mwenye duka wa Unguja alimletea karatasi yenye picha mbili. Ya kwanza ndogo, kama debe la mafuta. Ya pili kubwa, ya mbao, ina miguu minne na milango miwili yenye kufuli. Maandishi yote Kiingereza. Mjomba akauliza nani atamsomea. Nikainuka kabla ya Sabiti!

Sabiti ni mpwa wa Bi Mize, mke wa Mjomba. Anasoma sekondari Bara, yuko huku likizo, na anavaa soksi. Soksi! Hapa kijijini Miburani! Mimi shule niliiacha darasa la tano. (Mwalimu anasema yenyewe ndiyo iliyoniacha. Maneno ya mwalimu hayo.) Lakini karatasi niliishika vizuri, wala haikuwa juu chini.

Nikasoma: hii kubwa ni imara, inafaa nchi za joto, na kuna mfalme mmoja anayo. Sabiti akasema hapana mahali palipoandikwa mfalme. Kilichoandikwa, ati, ni kwamba ndogo inafanya kazi kwa betri ya gari, na kubwa inataka umeme wa ukutani. Nikamwambia Mjomba kwa upole, kwenye ile ndogo golikipa atakuwa kama dagaa na mpira kama punje ya choroko. Sasa Mjomba atakuwa anatazama mpira au anachagua mchele?

Bi Mize akacheka. Akasema yeye anaipenda kubwa, atatandika kitambaa juu na kuweka jagi la maua. Basi! Bi Mize akishasema, mkutano umefungwa.

Umeme? Jambo dogo. Wenye akili hawaanzii kwenye umeme.

Shauri langu ni lile kufuli. Penye kufuli pana ufunguo, na penye ufunguo pana mshika ufunguo. Nikamwomba Mjomba kazi hiyo. Akasema mbele ya watu: Jumapili ya tarehe 17 timu ya Unguja inacheza na wageni. Mpira ukionekana humu ndani, Shaibu ndiye msimamizi wa televisheni, na kifuo atakiaga. Usipoonekana, Shaibu atafua nazi za shamba zima peke yake, mfungo wote wa Ramadhani, mpaka siku ya Idi.

Kifuo ni kile chuma cha kufulia nazi. Tumeishi pamoja miaka minne. Viganja vyangu vinafanana na mgongo wa kasa. Kwaheri, kifuo!

Jumatano, 6 Agosti

Leo zamu ya shamba la kijiji. Nilichelewa kidogo. Nilifika watu wanakunja majembe.

Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Ussi, akanihutubia kuhusu uvivu muda mrefu kuliko muda ambao ningelima. Anapohutubia huzishika ndevu zake. Nyeusi kama mkaa, na yeye umri umeshapita sitini! Kila akiulizwa husema ni kwa sababu hajasema uongo tangu abaleghe.

Nikatumia jukwaa hilo kutangaza habari za televisheni. Watu walinizunguka. Mkeka wa mbele nimeshawaahidi watu kumi na mmoja. Ni mkeka mmoja, lakini watu wa kwetu wembamba.

Mashavu wa nyumba ya pili, msuka mikeka, nimemwahidi nafasi ubavuni pangu. Akauliza umeme nitautoa wapi. Nikamwambia ufundi huo hawezi kuuelewa. Akasema kama ni hivyo atamwuliza Sabiti.

Sabiti! Tena! Hivi mtu akivaa soksi ndiyo anakuwa na umeme?

Jumatatu, 11 Agosti

Imefika! Na aibu imefika nayo.

Mjomba kaisafirisha ameizungushia mkeka na shuka nyeupe, isiingie maji ya chumvi. Tukaishusha Kilindoni, vijana wanne, tukaiweka begani kwenye miti miwili. Mimi mbele. Hatujafika hata msikitini, mzee mmoja akasimama, akavua viatu, akaingia safuni nyuma yetu huku anasoma. Kisha mwingine. Kisha wauza samaki watatu, wakaacha samaki wao juani. Watu wakaanza kupokezana, kila mtu anataka thawabu ya kubeba hatua saba. Hakuna aliyeuliza, maana kwenye jeneza watu hawaulizi njiani. Na mimi nilinyamaza, kwa sababu kitu chenyewe kizito na nilikuwa nimeshapokewa.

Tulipofika Miburani walikuwa watu ishirini na tisa. Ndipo mmoja akauliza kwa sauti ya huzuni, marehemu nani? Nikasema ni kabati.

Yaliyofuata sitayaandika. Yule mzee wa kwanza alinikimbiza mpaka kwenye mihogo, pekupeku.

Lakini televisheni, wallahi, nzuri! Mbao inang'aa unajiona meno. Mjomba akanivika ufunguo shingoni kwa kamba. Bi Mize akatandika kitambaa, akaweka jagi. Kisha Mjomba akaunyanyua waya, akautazama ule mwisho wenye meno, akautazama ukuta wetu wa udongo, akaniuliza haya meno yanauma wapi.

Nikasema kesho.

Jumanne, 12 Agosti

Kijiji kina jenereta moja. Inakaa ofisini, huwashwa siku za mikutano ili Mzee Ussi asikike kwenye kipaza sauti. Anayeiendesha ni Fundi Costantine, mtu wa Bara, mpole, mpenda sinema kupita kiasi. Nilipomweleza, macho yalimcheza. Akasema waya wa kutoka ofisini mpaka kwa Mjomba anao. Yanatakiwa mambo mawili tu: ruhusa ya Mwenyekiti, na antena juu ya kitu kirefu kuliko vyote Miburani.

Nikaanza na Mwenyekiti. Shikamoo, marahaba, nikaeleza. Akashika ndevu. Nikajua nimekwisha. Akasema jenereta ni mali ya umma, na kabati la picha la mtu mmoja ni ubepari wenye milango. Akauliza kama nataka umma uzungushe injini ili Marijani aote mafuta mgongoni.

Nikajibu haraka, bila kufikiri, kama kawaida yangu mambo yanapokuwa makubwa. Nikasema televisheni ile si ya Mjomba. Ni ya kijamaa! Ya kijiji kizima!

Akasema ruhusa hapana, lakini amefurahi kusikia hivyo, atatangaza.

Akatangaza! Alasiri uani kwa Mjomba kulikuwa na watu kama kisimani. Kila mtu kaja kuona mali yake. Bibi mmoja akauliza wiki gani itakuwa zamu yake kulala nayo. Mwingine akatoa jagi la Bi Mize na kuweka la kwake. Mjomba aliniita chumbani, akaniambia kwa sauti ya chini kabisa kwamba kile kifuo amekinoa.

Sabiti alikuwa barazani. Alivuta soksi tu.

Alhamisi, 14 Agosti

Naandika kwa hofu, na furaha kidogo.

Nilifikiri hivi: nikishaweka antena juu, ruhusa itakuja yenyewe, watu wataona ni hasara kuiacha bure. Fundi Costantine aliitengeneza kwa bomba na mbavu za mwavuli mbovu. Kitu kirefu kuliko vyote ni ule mnazi wa nyuma ya nyumba yetu, uliopinda ukainamia ua wa Mzee Ussi. Othmani mkwezi alikubali kupanda, kwa sharti apate nafasi mkeka wa mbele. Mkeka umejaa. Nikapanda mwenyewe.

Sasa, kila mtu hapa anajua sheria ya mkwezi. Kabla hujaukumbatia mnazi unapiga ukelele, "Mkwezi huyooo!" mara tatu, ili walioko kwenye nyua za kuogea wajisitiri, maana nyua zetu ni makuti pembeni na mbingu juu. Hata mtoto anajua. Mkwezi asiyeita hupelekwa barazani, na hapandi tena mnazi wa mtu.

Sikuita. Ningeitaje? Mzee Ussi angesikia, angenizuia.

Nikapanda kimya kama mjusi. Nikafika kileleni. Nikafunga antena. Nikatazama chini kufurahia kazi yangu.

Mzee Ussi alikuwa uani, kavaa kikoi, kakaa kigodani, kioo mkono mmoja, kijiti mkono wa pili. Pembeni kibakuli cha piko. Ndevu nusu nyeusi! Nusu nyeupe kama pamba! Anajipaka, anajitazama, anageuza shingo, anatabasamu.

Nilicheka? Sikucheka. Nilikohoa. Ni majimoto, wale chungu wekundu, waliniingia puani.

Akainua uso. Tukatazamana. Muda mrefu. Piko likamdondoka kifuani, tone moja, tone la pili.

Nikashuka haraka kuliko nazi.

Ijumaa, 15 Agosti

Usiku sikulala vizuri. Akinishtaki barazani kwa kutoita, nimekwisha. Nitapewa kifuo mpaka nizeeke. Lakini asubuhi, nikiwa nasukutua, akili ikaja: baraza litauliza, huyu kijana aliona nini?

Hapo nikamaliza kusukutua kwa mbwembwe.

Baada ya sala ya Ijumaa Mzee Ussi akaniita pembeni ya birika la kutawadhia. Ndevu nyeusi tii, pande zote mbili. Nikashika adabu. Shikamoo mzee. Marahaba. Kisha akauliza kwa sauti ndogo.

"Jana ulipanda?"

"Nilipanda, mzee."

"Hukuita."

"Sauti ilinikauka, mzee."

"Uliona nini?"

"Niliona minazi."

"Minazi tu?"

"Na bahari. Na jenereta ya ofisi, nikaiona imekaa haina kazi, nikaihurumia."

Akakohoa. Akatazama kulia, akatazama kushoto. Akasema amefikiri tena, ameona televisheni ni chombo cha elimu, na jenereta ya umma lazima iutumikie umma katika elimu, hasa Jumapili. Nikasema maneno hayo ni ya mtu asiyesema uongo tangu abaleghe.

Alinikanyaga mguu. Kwa bahati mbaya, alisema.

Nimeshinda! Ruhusa ninayo! Mjomba kanipa kuku paja zima. Sabiti nimempitia mbele mara nne bila sababu. Mashavu kamaliza mkeka mpya, mpana, wa mbele. Kasema nichague pa kukaa. Nimechagua katikati, pembeni yake. Nimeweka kofia yangu hapo leo leo, nafasi isiibiwe.

Jumapili, 17 Agosti

Nimechubuka mapaja yote mawili. Naandika nimelala kifudifudi.

Kuanzia saa tisa watu walijaa uani kwa Mjomba, wengine juu ya ukuta. Wa mkeka wa mbele wote kumi na mmoja wakadai nafasi zao, na kila mmoja akanitaja mimi shahidi. Saa kumi kasoro Fundi Costantine akawasha jenereta. Ikanguruma! Wanawake wakapiga vigelegele. Nikafungua milango ya kabati kwa madaha, nikazungusha kitasa.

Sauti ikaja. Shwaaaa. Picha ikaja: chenga tupu, kama unga unamwagwa. Bibi mmoja akasema mchezo mzuri lakini wachezaji wengi mno.

Fundi akasema antena imeelekea kwingine, mtu apande aigeuze. Othmani mkwezi akafunga mikono kifuani, anatazama mbingu. Mjomba akanitazama mimi. Kisha akatazama kifuo.

Nikafunga milango nikatia kufuli, watu wasije wakaona picha kabla sijashuka. Nikaenda mnazini, na safari hii nikaita! "Mkwezi huyooo! Mkwezi huyooo! Mkwezi huyooo!" Watu wote walikuwa pale pale uani, hapana aliyekuwa anaoga, wakavunjika mbavu. Mzee Ussi peke yake hakucheka. Alizishika ndevu kwa mikono miwili.

Nikafika juu. Nikageuza. Nikauliza inaonekana? Wakajibu, mpumbavu, umeifunga!

Nikashuka. Nikafungua. Nikapanda tena.

Mashavu akasimama chini ya mnazi kunipokezea habari. Kulia, Kaka Shaibu! Kidogo! Umepitiliza! Rudi! Kisha uani wakalipuka wote pamoja, haooo! Haooo! Mpira! Nikajua nimeshinda. Nikaiachia antena nishuke.

Uuuuuh! Imepotea! Nikaishika. Haooo! Nikaiachia. Uuuuuh!

Fundi Costantine akafika chini ya mnazi, akanitazama kama daktari. Akasema antena peke yake haitoshi, inamtaka mtu. Mwili wa mtu una chumvi, ati, unasaidia kuvuta. Nikauliza mpaka lini? Akasema mpaka refa apulize.

Dakika tisini! Pamoja na mapumziko! Nimekumbatia mnazi kwa miguu, mkono mmoja kwenye antena, majimoto wananila. Kutoka kule juu televisheni niliiona ubavu wake. Ubavu na jagi. Niliona pia mkeka mpya, na katikati yake kofia yangu, imekaa vizuri, kisha nikaona mtu anaisogeza kwa vidole viwili, anakaa. Soksi nyeupe. Nilizitambua!

Nikamwuliza Mashavu, nani ana mpira?

"Yule!"

"Yule nani?"

"Yule mwenye kaptura! Kaka Shaibu, usitikisike!"

Likaingia goli. Kelele zile! Nikafurahi, nikainua mikono yote miwili. Picha ikapotea. Nimetukanwa leo matusi ambayo nadhani mengine yalitungwa pale pale. Mjomba mwenyewe alilitaja jina la mama yangu, ambaye ni dada yake.

Refa alipopuliza nikashuka. Nikauliza nani kashinda. Kila mtu alikuwa anazungumza, hapana aliyenijibu. Nikaenda kuswali magharibi, miguu imepinda kama koleo. Nilipotoa salamu nikakuta safu nzima imenigeukia, inatabasamu. Wakanipisha njia. Mmoja akanishika mkono kwa heshima.

Sinema ya Kihindi ilikuwa inaanza.

Jumatatu, 18 Agosti

Mjomba ni mtu wa ahadi. Asubuhi kanitangaza mbele ya watu: Shaibu ndiye msimamizi wa televisheni! Kifuo kapewa mtu mwingine. Nilikitazama kinaondoka. Nilijiona mkubwa.

Ufunguo kapewa Mashavu, kwa sababu milango inafunguliwa chini na msimamizi anakaa juu. Mkekani Sabiti anakaa pale pangu, ati ananishikia pasichukuliwe na wengine. Mzee Ussi kapitisha kwenye mkutano kwamba kila Jumamosi sinema, kila Jumapili mpira, na kwamba mimi nimesamehewa shamba la kijiji ili nisichoke mapaja. Alisoma azimio hilo kwa furaha kubwa. Watoto wananiita Bwana Antena. Wa dago kutoka Ndagoni wamekuja kunitazama. Wamenipa pweza.

Alasiri Sabiti akaja na daftari. Kachora mlingoti, na waya, na mbavu nyingine sita za mwavuli. Akasema ikiwekwa hivi picha itakaa yenyewe, bila mtu, nami nitashuka nikae na wenzangu. Nilimwona tangu mbali! Anataka kunipokonya kazi! Daftari nimelitupa kwenye birika. Nikamwambia tangu lini mwavuli ukawa na chumvi.

Nimekaa nikafikiri, nimekuta kosa liko wapi. Sabiti ndiye aliyetuchanganya na ile ndogo yake. Tulihangaika na ndogo na kubwa, hapana aliyeuliza kama ipo kubwa zaidi! Ingekuwa kubwa zaidi, ikageuzwa uso kuelekea mnazini, ningetazama mpira kutoka juu kuliko wote, hapana kichwa cha mtu mbele yangu.

Mjomba nimeshamdokeza. Hakukataa. Alifumba macho tu, muda mrefu.

Na karatasi nyingine ya picha ninayo, mvuvi mmoja wa dago alikuwa nayo, kanipa. Ina moja ya milango minne! Maandishi ni Kiingereza, lakini pale panapotajwa mfalme nimeshapaona.